Shangazi, kila Alhamisi duka linajaa watu na ndo linavyokufa

Shikamoo Shangazi. Naomba unisomee mpaka mwisho, ni ndefu, nimeiandika usiku baada ya kufunga duka na kichwa kinaniuma.

Mi ni mdada wa miaka 36, mzaliwa wa Marangu, naishi hapa Moshi mjini. Mwaka juzi nilifungua kaduka ka kahawa na vitabu, sio mbali sana na Mnara wa Saa, fremu moja tu, mbele kaunta na meza sita, nyuma rafu za vitabu mpaka darini. Hela ilitoka sehemu tatu, akiba yangu, mkopo wa kikoba, na kaka yangu mkubwa akaongeza milioni nne ndo tukapata mashine ya espreso ya mtumba. Nilichokua nataka ni kitu kimoja. Mji huu kahawa inapita mbele ya macho yetu kwenye magunia, bodi ya kahawa iko hapa, mnada uko hapa, ila mtu wa Pasua au Majengo akitaka kukaa mahali anywe kikombe cha kahawa ya mlima huuhuu na kitabu mkononi, anajiona hayuko kwao, sehemu nyingi zimewekwa kwa ajili ya wageni wanaoshuka mlimani. Nikasema na sisi tukae.

Miezi sita ya mwanzo Shangazi ilikua ni mimi na binti wa kaunta tunaangaliana. Sasa siku moja akaingia mzee mmoja mwalimu mstaafu, miaka 70 na kitu, kaunda suti ya kijivu imepigwa pasi mpaka mstari unaonekana, akaagiza chai (mpaka leo hanywi kahawa, anasema inampandisha presha), akavuta kitabu cha hadithi rafuni akaanza kusoma kwa sauti. Nadhani hata hakujua anasoma kwa sauti, ni mazoea ya darasani. Meza ya jirani wakanyamaza wakawa wanamsikiliza, na alipofika mwisho wa sura mmoja akamwambia mwalimu endelea bwana. Nikamwomba aje Alhamisi atusomee. Wakaja watu 7. Wiki iliyofuata 12. Saiv ni mwaka na miezi, kila Alhamisi saa 11 jioni mpaka saa 2 usiku, hawapungui 35. Wapo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ushirika, manesi wakitoka zamu, mama wawili wanaouza mitumba Kiboriloni, bodaboda watatu ambao mmoja wao sikuwahi kudhani anaweza kukaa kimya lisaa lizima. Jumamosi asubuhi nimeanzisha na hadithi za watoto.

Sa sikiliza tatizo. Alhamisi iliyopita nilihesabu, watu 41. Nimeuza kahawa nyeusi 11 za elfu tatu tatu na chai 4 za 1,500. Elfu 39 kwa jioni nzima. Kitabu, sifuri. Na Alhamisi jioni ndo zamani nilikua napata wale wateja wa kapuchino za elfu tano, madaktari na wafanyakazi wa maofisini, wameshaacha kuja maana wakiingia wakiongea kidogo tu Mwalimu anawageukia na kidole mdomoni, shhh. Mmoja aliondoka na kikombe chake nusu. Afu Mwalimu ndo kawaambia watu asiye na hela aje na maji yake kutoka nyumbani, hakuna aibu. Kwa hiyo kila mtu ana chupa yake. Anapanga nani asome, nani akae wapi, juzi kahamisha meza mbili bila kuniuliza. Wageni wakija wanamuuliza yeye bei.

Lililonivunja kabisa ni hili. Mwezi uliopita tulikubaliana tutasoma kitabu fulani cha hadithi fupi, nikaagiza nakala 12 kutoka Dar, bei yake elfu 16, mimi nauziwa kwa punguzo la asilimia 25 kwa hiyo ningepata elfu nne kwa kila kimoja. Alhamisi Mwalimu akaingia na mfuko wa rambo, akautua kwenye meza, akaanza kugawa. Kakitoa kopi kitabu chote Shangazi. Kurasa 96, mbili mbili kwenye karatasi moja, karatasi 48 kwa shilingi mia, elfu nne na mia nane unapata kitabu kizima kimebanwa kwa pini. Karatasi zilikua bado za moto, nasikia harufu ya wino mpaka kaunta. Akasema kwa furaha kabisa, nimewasaidia wale wasio na uwezo. Na zile nakala zangu 12 ziko nyuma ya kichwa chake, kwenye rafu, zimepangwa. Nilitabasamu. Nikaenda uani nikalia.

Kodi ya fremu ni laki tatu na nusu kwa mwezi, nalipa miezi sita sita, inaisha mwisho wa mwezi ujao na mkononi nina laki tisa tu wakati inatakiwa milioni 2 na laki moja. Kaka amekuja Ijumaa kaangalia daftari akanambia hii ni biashara sio kanisa, futa hiyo Alhamisi au nirudishie hela yangu. Marejesho ya kikoba nasuasua. Hata binti wa kaunta miezi miwili sasa nampa kidogo kidogo.

Ila Shangazi nashindwa. Mwalimu alifiwa na mkewe mwaka jana, wanae wako Dar na Mwanza. Aliwahi kunambia, mwanangu, wiki yangu mimi ina siku moja tu. Na kuna Alhamisi umeme ulikatika katikati ya sura, kabla sijatafuta mshumaa watu wakawasha tochi za simu, simu ishirini na kitu zote zimemmulika yeye na kitabu, akafuta miwani kwa leso, akaendelea kusoma kama hakuna kilichotokea mpaka ikaisha. Nilisimama nyuma ya kaunta nikasema hili ndo duka nililolitaka. Na baba yangu alikua mwalimu, alifariki sijaolewa.

Nifute Alhamisi? Niweke kiingilio mlangoni? Na huyu mzee wa umri wa baba yangu naanzaje kumwambia?

Dada wa Kahawa, Moshi

---

Marahaba mwanangu. Pole sana, na hongera, na zote mbili natamka kwa moyo wote.

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu. Mwalimu umemtaja toka mwanzo mpaka mwisho, kaka umempa nafasi yake, hata bodaboda umewahesabu ni watatu. Binti wa kaunta, ambaye alikaa na wewe miezi sita mnaangaliana, umempa kamstari kamoja, tena mwishoni: nampa kidogo kidogo. Miezi miwili. Huyo ana nauli, ana chumba, inawezekana ana mama kijijini anasubiri, na kila Alhamisi ndo anaosha vikombe na kufagia baada ya watu 41 kuondoka. Kwa hiyo kabla sijafika kwa mzee wala kwa kaka, toa kwenye hizo laki tisa umlipe binti kila senti unayodaiwa. Kesho. Usisubiri hesabu za kodi zikae sawa maana hazitakaa sawa mwezi huu hata ukimnyima.

Kwa mwenye fremu nenda mapema, sasa hivi, kabla siku haijafika, umwombe akupokelee kodi ya miezi mitatu. Miaka miwili umemlipa bila kumsumbua, nadhani ungeniandikia kama umewahi. Wenye nyumba wengi wanapokataa ni pale mpangaji anapojificha mpaka tarehe ipite halafu anazima simu. Ukienda mwenyewe na unachoweza, anakaa anaongea na wewe.

Sasa tuje kwenye Alhamisi.

Mwanangu, wale watu 41 hawajui. Hebu kaa upande wao kidogo. Wanaingia wanakuta meza zote zimejaa, watu mpaka wamesimama mlangoni, mwenye duka anatabasamu, kwao wao hilo duka linapiga hela. Nani atafikiri mahali palipojaa hivyo panakufa? Ungekua na duka tupu wangekuonea huruma wakanunua hata kalamu. Umeficha daftari chini ya kaunta mwaka mzima na umetabasamu hata siku ya zile kopi, halafu unaumia kwamba hawakuonei huruma. Huwezi kumlaumu mtu kwa jambo ambalo umejitahidi asilijue.

Na umeifanyia hiyo siri Moshi, jamani, mji ambao watu wake walijifunza zamani sana kufungua hesabu mezani. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa huko mlimani walianzisha chama chao, na mwaka 1933 ndo ikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, na hawakua watu wa mashamba makubwa, ni mtu na kihamba chake, yaani kashamba ka nyumbani, miche yake ya kahawa chini ya migomba, kahawa ambayo peke yake isingemtisha mnunuzi yeyote. Waliweka pamoja, na kila mtu alitaka kujua mzani umesoma ngapi na kimelipwa nini. Wewe hapo umekaa na wanafunzi wa chuo cha ushirika, watu wanaosomea hilohilo jambo, wanakunywa maji ya chupa mita mbili kutoka kwenye daftari lako la hasara. Wape daftari. Wasomee kama Mwalimu anavyosoma hadithi, kodi ni hii, maziwa haya, luku hii, Alhamisi iliyopita tulikua 41 na tumeingiza elfu 39. Usilie wala usiombe mchango. Soma tarakimu unyamaze, uone nani ataongea wa kwanza. Mimi nadhani atakua mmoja wa wale mama wa Kiboriloni, maana mtu anayeuza mitumba anajua siku ya wateja wengi na mauzo kidogo inavyouma kuliko siku ya mvua.

Kiingilio usiweke. Ukiweka mtu mlangoni anakusanya hela, yule bodaboda uliyemshangaa atakua wa kwanza kugeuza pikipiki, na hutamwona tena. Weka birika. Kahawa ya kijiweni, ile tunayoijua wote, birika kwenye jiko la mkaa, vikombe vidogo, tangawizi, kashata pembeni. Mashine ya espreso iache kwa siku zingine, Alhamisi haikufai, inakula umeme, inapiga kelele Mwalimu akiwa anasoma, na elfu tatu kwa nesi anayekuja kila wiki ni hela, elfu 12 kwa mwezi. Sijui unanunua kilo ya kahawa iliyokaangwa kwa bei gani, tuseme elfu 24, kikombe kidogo hakili zaidi ya gramu 7 au 8, kilo moja inakutolea vikombe 130 hivi, kwa hiyo kahawa yenyewe haifiki shilingi 200 kwa kikombe. Ongeza kashata, mkaa, tangawizi, kiuze elfu moja na kashata yake, unabaki na mia tano bila wasiwasi. Watu 41 wakinywa kimoja kimoja ni elfu 20 ya faida, na kahawa ya birika mtu hanywi kimoja. Na uwaambie wazi, Alhamisi kikombe ndo kiti. Asiye na elfu moja siku hiyo atakuja kukunong'oneza, naye utamjazia, ila iwe ni wewe umetoa, isiwe ni desturi ya mtu kuja na chupa.

Kuhusu kopi sitakuremba. Hilo ni kosa, na lina sheria, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, huwezi ukachukua kitabu cha mtu chote ukakitoa kopi na kukigawa kwa watu eti kwa nia njema. Na limefanyika ndani ya duka la vitabu, mbele ya nakala halali 12 za kitabu hichohicho. Mwandishi wa hadithi za Kiswahili katika nchi hii anapata kidogo mno, na mchapishaji akiona kitabu kimeuza nakala tatu mkoa mzima wa Kilimanjaro wakati kimesomwa na watu 40, cha pili hatakichapa, na Mwalimu hatakua na cha kuwasomea. Mimi hili linaniuma kuliko meza zako alizohamisha. Ila tengeneza njia ya mtu kurudi bila aibu. Sema hivi: yeyote atakayerudisha ile kopi, namhesabia elfu mbili kwenye bei ya kitabu chenyewe. Kwa nakala 12 ni elfu 24 inatoka kwenye faida yako ya elfu 48, umebaki na nusu na rafu imepumua.

Na kuanzia kitabu kijacho fanyeni kama kikoba. Kitabu kimoja kwa miezi miwili, kila Alhamisi mtu anaweka elfu mbili kwenye kadi yake, wiki ya nane anakua ameweka elfu 16 na kitabu ni chake na jina lake limeandikwa ndani. Wewe unaagiza nakala 30 kwa mpigo ukijua zina wenyewe. Faida laki moja na elfu 20 kwa kitabu, yaani elfu 60 kwa mwezi, ukijumlisha na birika Alhamisi nne ni kama elfu 80, unapata laki moja na elfu 40. Kodi yako ni laki tatu na nusu. Najua haijatosha, na haitakiwi itoshe, ni jioni moja kwenye wiki. Zinazobaki zibebwe na siku zingine. Januari shule zikifunguliwa uza vitabu vya kiada na vya fasihi vya sekondari, madaftari, kalamu, usione aibu ya kuuza rula kwa sababu wewe ni wa hadithi. Na Jumamosi wakati watoto wanasomewa, wazazi wanakaa wapi? Kama wanasubiri nje kwenye gari au wanaenda sokoni na kurudi, hapo ndo kapuchino zako za elfu tano zimekimbilia.

Sasa kaka. Kaka amesema neno baya ila ana haki ya kuuliza, milioni nne sio mchezo. Lakini nilitafuta kwenye barua yako kama hiyo hela ni mkopo au ni hisa, sikuona, na naogopa hata nyie wawili hamjui. Kama ni mkopo, anadai marejesho, na hana sauti kwenye Alhamisi. Kama ni hisa, hawezi kusema nirudishie, amekula nawe kwenye faida na anakula nawe kwenye hasara. Kaeni na mtu mzima mmoja wa ukoo mwandike karatasi, isainiwe. Halafu umwalike Alhamisi moja aje akae mpaka saa 2. Umesema aliangalia daftari siku ya Ijumaa, hukusema kama amewahi kuona watu.

Nimemwacha Mwalimu mwisho kwa makusudi, maana ndiye unayemwogopa na hayo yote hapo juu hayafanyiki kabla hujaongea naye. Ukisimama Alhamisi ukasoma hesabu mbele ya watu 41 na yeye hajui, utakua umemvua nguo mbele ya darasa lake.

Huyo mzee hajakunyang'anya duka mwanangu. Aliona kiti hakina mtu akakaa. Wewe ulimwambia njoo utusomee, baada ya hapo hukumwambia kitu kingine chochote kwa mwaka na miezi, hukumwambia unaanza saa ngapi unaisha saa ngapi, meza ni za nani, nani anaruhusiwa kuongea. Mtu amesimama mbele ya wanafunzi maisha yake yote, ukimpa chumba chenye watu 40 ataweka kidole mdomoni, hawezi kujizuia. Hivyo mpe mipaka na umpe na cheo. Usomaji uwe lisaa limoja, saa 12 mpaka saa 1 usiku, hapo hata mimi nikiingia ninyamaze. Kabla na baada ya hapo watu waongee, wacheke, waagize, madaktari wako warudi na maneno yao. Yeye ndo msomaji mkuu, achague kitabu na wewe mkiwa mmekaa wawili, na chai yake ni bure siku zote. Bei, meza, chupa za maji na nani anaingia ni mambo ya mwenye duka.

Wewe ni wa Marangu, isale unaijua. Mtu akikosana na mwenzie anakwenda na lile jani kuomba yaishe, na ukiletewa isale ni vigumu sana kukataa. Lakini ni mmea huohuo babu zetu waliupanda kuzunguka kihamba ili kila mtu ajue cha kwake kinaishia wapi, na jirani hakuona ametukanwa kwa kuona masale yamepandwa mpakani. Wewe unafikiri ukimwekea Mwalimu mpaka umemfukuza. Yeye mwenyewe, kama amekulia huko juu, amekulia ndani ya mipaka ya namna hiyo na akasalimiana na majirani juu yake kila asubuhi. Isale kwenye mkono huhitaji, hamjagombana, ila ukienda nenda kwa roho hiyo.

Nenda Jumapili, mchana, nyumbani kwake, peke yako. Usimpelekee kahawa, umesema mwenyewe hanywi. Beba majani ya chai, sukari, na mkungu mdogo wa ndizi kama kuna mtu anashuka kutoka kwenu. Muulize kwanza habari za marehemu mama, umwache aongee mpaka amalize, hata kama ni lisaa, na ninakuambia hili sio kwa ajili ya kumlainisha, nadhani hakuna aliyemuuliza siku nyingi. Halafu umwambie kwa maneno yako, lakini yawe karibu na haya: Mwalimu, nimekuja kama mwanao, nina shida nimekuficha na nimekosea kukuficha, duka linataka kufungwa na sitaki lifungwe kwa sababu ya Alhamisi yako, nisaidie hesabu. Kisha fungua daftari kwenye ukurasa wa Alhamisi iliyopita, ulitulize mbele yake, na umpe kalamu. Mwalimu akipewa daftari na kalamu atajua cha kufanya. La kopi litamjia mwenyewe akifika kwenye ule mstari wa vitabu sifuri. Asipoligundua, mwambie, kwa sauti ya chini, na umpe moja ya zile nakala 12 iwe yake.

Anaweza akanyamaza muda mrefu. Asikutishe huo ukimya, usiujaze na maneno ya samahani. Mngoje.

Na kabla hujapanda bodaboda kwenda kwake hiyo Jumapili, pita kwa binti wa kaunta umwone hela yake iko mkononi.

Shangazi